Kabla ya kupanda ndege kwenda Los Angeles na nyimbo za Pwani

Mtu anayechagua nyimbo za filamu na vipindi vya televisheni huuliza mambo mawili kabla hajasifu chochote: haki za utunzi ni za nani, na haki za rekodi ni za nani. Ukisitasita kujibu, mazungumzo yameisha, hata kama wimbo umemtoa machozi. Pwani ya Kenya tuna nyimbo za bango, taarab, chakacha na mwanzele za kutosha filamu nyingi, lakini nyimbo zenye majibu kamili ya maswali hayo mawili ni chache mno. Mimi husimamia kazi za wanamuziki kadhaa hapa Mombasa, na mwaka 2024 nilifuatana na wenzangu hadi Los Angeles kuzitafutia nyimbo zao nafasi kwenye skrini. Nayaandika haya kwa meneja, prodyuza au mwanamuziki anayefikiria safari kama hiyo, kwa sababu karibu kila lililotufaa kule lilikuwa limefanywa hapa nyumbani, na yaliyotukwamisha yalikuwa yameachwa hapahapa nyumbani.

Kwanza biashara yenyewe, kwa asiyeijua. Wimbo mmoja uliorekodiwa ni mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi, ambao ni wa mtunzi, au warithi wake, au kampuni aliyoiuzia. Kuna rekodi, ile masta iliyotoka studio, ambayo ni ya aliyeigharamia au aliyeandikiwa kwenye mkataba. Filamu ikitaka kupachika wimbo juu ya picha inahitaji ruhusa ya pande zote mbili, kila upande na leseni yake, na kwa desturi pande hizo hulipwa sawa. Upande mmoja ukikataa au usipopatikana, hakuna kinachoendelea. Ndiyo maana wasimamizi wa muziki, yaani hao wanaochagua nyimbo za filamu, huwapenda watu wanaoweza kutia saini pande zote kwa pamoja. Kipindi cha televisheni huweza kuhitaji jibu siku hiyohiyo, na msimamizi mwenye nyimbo tatu zinazomfaa atachukua ile ambayo ina mtu mmoja tu wa kupigiwa simu.

Mfano ninaoutumia kila ninapozungumza na wanamuziki ni wa marehemu Ayub Ogada. Wimbo wake Kothbiro, wenye sauti yake na nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ulisikika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Rekodi ile ilikuwa kwenye albamu iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1993. Zaidi ya miaka kumi ilikuwa imepita, lakini lebo ilikuwepo, jina la mtunzi lilikuwepo, na aliyeutaka wimbo alijua abishe mlango gani. Wapiga nyatiti hodari hawakuwa haba Nyanza wakati ule. Wenye mlango wa kubishiwa ndio waliokuwa haba.

Kwa hiyo tulianza kwa kuchuja. Tuliandika orodha ya nyimbo zote tulizotamani kuzipeleka, kisha kila moja tukaitafutia wenyewe. Orodha ilipungua kwa namna iliyonihuzunisha.

Nyimbo za vijana ndizo zilizotangulia kuanguka. Prodyuza mmoja wa Mtwapa, kijana mwenye sikio zuri kuliko wengi ninaowajua, alileta kazi zake kwa matumaini makubwa. Nikamuuliza biti, yaani midundo anayoimbia juu yake, zimetoka wapi. Nyingi alikuwa amezinunua mtandaoni kwa leseni ya bei rahisi, ile ambayo mwenye biti humuuzia yeyote anayelipa. Leseni za namna hiyo huwa na kikomo cha matumizi, na mara nyingi hukataza filamu na matangazo ya biashara au hutaka yalipiwe upya. Tena biti hiyohiyo ina waimbaji wengine juu yake huko duniani. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akauliza kama Wamarekani watajua. Watajua, nikamwambia. Katika mkataba kuna kifungu ambacho wewe unaahidi kwamba kila kilichomo ndani ya wimbo ni chako, na kwamba wenye filamu wakishtakiwa kwa sababu yako utawafidia. Mtu wa Mtwapa ataifidia studio ya Hollywood kwa kitu gani? Alikwenda kukaa na mpiga gita wa jirani yake wakazitengeneza upya baadhi ya nyimbo, kila ala ikipigwa kwa mkono, na kwa kweli zikawa na uhai ambao zile za kwanza hazikuwa nao.

Kikwazo kingine kilitoka kwenye miito ya simu. Wanamuziki wengi wa Kenya wameweka nyimbo zao Skiza, huduma ya miito ya Safaricom, kupitia mawakala, na mikataba ya mawakala husainiwa haraka kwa kuwa kuna pesa kidogo mezani. Tulipousoma mmoja wao mbele ya wakili, tulikuta msanii amemkabidhi wakala haki za wimbo kwa matumizi ya kila aina na kwa miaka mingi, ilhali alidhani ametoa mlio wa simu tu. Tulimwandikia wakala huyo kwa heshima, tukiomba barua ya kuachia filamu na televisheni. Alikawia kujibu, na alipojibu alitaka fungu nono. Wimbo ule ukabaki nyumbani. Kwa hiyo, kabla hujafanya lolote jingine, waambie wasanii wako walete kila karatasi waliyowahi kuitia saini, hata zile zilizokunjwa chini ya godoro, zisomwe na wakili anayeijua hakimiliki. Ada ya wakili iliniuma nilipoilipa. Ndiyo matumizi ninayoyatetea kuliko yote ya safari ile.

Taarab ina ugumu wake. Aliyetunga shairi, aliyetia mahadhi na aliyeimba huweza kuwa watu watatu, kila mmoja akijulikana mtaani kwa sifa yake, lakini kwenye kaseti limeandikwa jina la mwimbaji peke yake. Kwa sheria ya Kenya utunzi hulindwa katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mshairi aliyefariki miaka ya tisini bado ana warithi wenye haki. Kuna wimbo mmoja ambao ukipigwa harusini ukumbi mzima husimama, na mimi niliuona kama ndio utakaotufungulia milango. Mshairi wake alihamia Muscat zamani, na jamaa zake wa Mji wa Kale hawakuwa na namba inayopatikana. Tulituma salamu kwa watu wanaokwenda na kurudi Oman, tukaulizia hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Mombasa walioko huko. Hatujampata hadi leo, na sitaupeleka wimbo wake popote kwa kubahatisha.

Nitakaa zaidi kwenye bango, maana huko ndiko nilikosomeshwa. Kiongozi wa bendi moja kule Kaloleni alifariki akiacha nyimbo alizozirekodi kwa fedha zake mwenyewe, na masta zimebaki na familia, jambo adimu kwa muziki wa rika lile. Saksafoni yake ina ulaini na masikitiko ambayo sijayasikia kwingine. Nilikwenda kwa mjane wake nikidhani naenda kuomba saini. Baada ya shikamoo na chai alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wamekuja wengi hapa na karatasi. Wakifika husoma wao, mimi huambiwa nitie kidole."

Sikumjibu siku ile. Nilirudi nikiwa na mwanawe mkubwa na mwalimu mstaafu wa kijijini ambaye wanamwamini, tukausoma mkataba sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili na Kigiriama. Mama yule aliuliza mambo ambayo wakili hakuyauliza. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa. Je, wimbo wake unaweza kuwekwa kwenye tangazo la pombe? Je, ukitumika kwenye kampeni ya siasa, nani atawaeleza watu kwamba familia haikutaka? Tukaandika kwamba pombe, kamari, siasa na picha za utupu haziruhusiwi bila yeye kuulizwa kwanza. Niliingiwa na wasiwasi kwamba masharti hayo yatatufukuzia wateja. Huko Los Angeles hakuna aliyeyashangaa. Ni ya kawaida katika kazi hiyo, na kila mmoja alisema heri ayajue mapema. Kisha mama yule akauliza mkataba wetu sisi na yeye unaisha lini. Tukakubaliana miaka michache, mali ibaki ya familia, mimi niwe na ruhusa ya kuitafutia soko kwa asilimia iliyoandikwa, na muda ukiisha ruhusa iishe yenyewe bila kupelekana mahakamani.

Mwanawe ndiye aliyemtaja Solomon Linda, mwanamuziki wa Afrika Kusini. Wengi wanaijua habari ile: Linda alirekodi wimbo wake Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939, akaziachia haki zake kwa malipo duni, akafa maskini mwaka 1962 huku mahadhi yake yakizunguka dunia, mpaka yakaingia kwenye The Lion King. Binti zake walifikia mapatano mwaka 2006, baada ya kesi. Kijana alinitazama usoni akauliza kama sisi tunawapeleka njia hiyohiyo. Nilimwachia nakala ya mkataba akaikague kwa mtu yeyote amtakaye, na sikuweka tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Walijibu baada ya mavuno.

Hata mjane alipokubali, hakuwa na uwezo wa kisheria wa kutia saini peke yake. Hakimiliki ya marehemu inarithiwa kama shamba lake linavyorithiwa. Familia ilibidi iende mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi: cheti cha kifo, barua ya chifu, majina ya warithi wote, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za kungojea pingamizi, kisha miezi sita kabla hati haijathibitishwa. Familia za Kiislamu huweza kupitia Mahakama ya Kadhi. Na warithi walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, wakiwemo watoto wa mke wa kwanza ambao walikuwa hawasemezani na hawa wa pili. Kikao kilichowakutanisha kilihusu kaburi, shamba na maneno yaliyosemwa siku ya mazishi, na muziki ulitajwa mwisho kabisa. Nilikaa kimya pembeni. Mtu anayeziendea familia kwa haraka ya tiketi atavuruga zaidi ya atakachopata.

Baada ya hapo tuliwatafuta wapigaji walioshiriki na bado wako hai, mpiga ngoma Rabai na mpiga besi Likoni, wakatia saini karatasi ya mgawanyo na kibali cha rekodi. Walipewa mafungu yao kwa asilimia, na jumla ikawa mia kamili. Inaonekana jambo dogo. Nimeona wimbo ambao ukizijumlisha asilimia za wadai wake wote zinapita mia, na wimbo wa namna hiyo haupati leseni.

Safari tulikuwa tumeipanga katikati ya mwaka 2023. Tarehe 2 Mei waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani wakagoma, Julai waigizaji wakafuata, na kazi zikasimama. Mgomo wa waandishi uliisha Septemba na wa waigizaji Novemba. Wasimamizi wa muziki tuliokuwa tukiandikiana nao walituambia wazi kwamba hawana kitu mezani. Alhamdulillahi tulikuwa hatujakata tiketi. Nilivunjika moyo sana wakati ule, kwa kuwa tulishawatangazia watu. Lakini ndiyo miezi ambayo mirathi ya Kaloleni ilikamilika. Tungekwenda 2023 tungekuwa na saksafoni nzuri na hati pungufu. Tangu hapo, kabla ya kupanga mwezi wa kusafiri, husoma habari za vyama vya wafanyakazi wa filamu kama ninavyosoma bei ya tiketi, na siwezi kumshauri mtu aende Los Angeles katika wiki za mwisho wa mwaka.

Kuhusu viza nitasema machache yaliyo muhimu. Ada ya viza ya ugeni ya Marekani ni dola 185 kwa kila mtu tangu Juni 2023, na hairudishwi ukinyimwa. Viza ya B-1, ile ya ziara ya kibiashara, inakuruhusu kuhudhuria mikutano na kujadiliana mikataba. Haikuruhusu kupanda jukwaani kwa malipo. Mpiga gita wetu alikuwa ameahidiwa usiku mmoja wa kupiga kwenye mkahawa wa Mkenya huko, kwa pesa kidogo, na alitaka kuutaja kwenye fomu ili aonekane ana mwaliko. Kazi hiyo inataka viza ya kundi la O au P, ambayo ombi lake hufunguliwa na mwenyeji aliye Marekani na ina gharama zake. Tuliifuta shoo, na gita likabaki Kisauni. Kwenye mahojiano pale ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi, maswali ni mafupi: unakwenda kufanya nini, utakutana na nani, nani analipa, kitakachokurudisha ni nini. Beba barua za mikutano, lakini majibu yako ndiyo yatakayosikilizwa. Mwenzetu mmoja, kijana asiye na ajira ya mshahara, alinyimwa licha ya barua zote. Alilia kwenye matatu ya kurudi mjini, na sote tuliokuwa naye hatukuwa na la kumwambia. Usikate tiketi zisizorejeshwa kabla ya viza, na katika bajeti weka uwezekano kwamba mmoja hatapita. Masharti hubadilika pia: Oktoba 2025 Watanzania waliingizwa kwenye orodha ya wanaoweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kwa viza hiyohiyo. Soma tovuti ya ubalozi mwezi uleule unaotaka kuomba, usitegemee simulizi langu.

Fedha. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Sisi tulilipa sehemu ya tiketi kwa ile bei ya juu na malazi kwa ile ya chini, kwa hiyo nashauri usibadilishe fedha zote kwa siku moja. Nauli ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko yote, ikifuatiwa na malazi, kisha usafiri wa ndani ya mji ambao wengi husahau kuuhesabu. Bima ya afya ya safari usiiruke. Hospitali za Marekani si za kujaribia. Tulikodi nyumba North Hollywood, tukapika wenyewe, na hilo lilituokolea pesa kuliko punguzo lolote. Ofisi moja ya umma ilituahidi tiketi mbili, na ahadi ikabaki ahadi. Waingereza wana chama cha kampuni zao za rekodi, BPI, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikipeleka ujumbe Los Angeles kwa kazi hii hii ya leseni za skrini, wakisaidiana na serikali yao. Nalisema hili kwa uchungu, maana wizara zetu zinapenda kupiga picha na msanii aliyeshinda tuzo, lakini hakuna anayetaka kulipia karatasi za msanii ambaye bado hajasikika.

Sasa mafaili. Kila wimbo tuliuandalia toleo kamili la WAV la biti 24 na kilohezi 48, toleo la ala tupu, na pale ilipowezekana sauti za kila chombo peke yake. Kwa nyimbo za zamani zilizookolewa kutoka kwenye kaseti na tepu, vyombo haviwezi kutenganishwa kama vya studio ya leo, na tuliandika hivyo wazi. Toleo la ala tupu usilidharau. Mara nyingi kwenye filamu watu wanazungumza juu ya muziki, na sauti ya mwimbaji hugombana na mazungumzo. Ndani ya faili lenyewe tuliweka majina ya watunzi na asilimia zao, namba ya ISRC inayoitambulisha rekodi, jina la wa kuwasiliana naye, barua pepe na simu, kwa sababu faili litahamishwa kutoka kompyuta hadi kompyuta na barua yako haitafuatana nalo. Tulituma viungo vya kusikiliza na kupakua, hatukutuma viambatisho. Wengi wao hutumia mfumo unaoitwa DISCO. Pamoja na maneno ya wimbo tuliweka tafsiri ya Kiingereza na aya fupi ya kueleza unaimbwa lini na kwa nani. Kwa taarab hilo ni la lazima. Shairi la mafumbo likisomwa juujuu linaonekana ni la ua na bustani, kumbe ni la kumsuta mke mwenza, na msimamizi anataka kujua asije akaliweka kwenye tukio la harusi ya Kikristo.

Miadi ilipatikana kwa barua pepe fupi, na zilijibiwa vizuri zaidi zile zilizoonyesha kwamba tumetazama kazi ya anayeandikiwa. Majina ya wasimamizi huandikwa mwisho wa kila filamu na kipindi, kaa uyasome. Chama chao, Guild of Music Supervisors, kilianzishwa mwaka 2010, na tangu 2017 kazi yao ina tuzo yake ya Emmy, kwa hiyo si watu waliojificha. Saa tatu asubuhi ya Los Angeles wakati wa kiangazi ni saa moja jioni Mombasa. Nilijizoesha kula mapema na kuweka simu karibu kuanzia Magharibi hadi usiku wa manane, na ndani ya saa hizo ndimo miadi mingi ilimopatikana.

Los Angeles imetawanyika kuliko unavyodhani ukiitazama kwenye ramani. Warner Bros. na Disney wako Burbank, Sony yuko Culver City, na wasimamizi wengi hufanya kazi nyumbani au katika ofisi ndogo kati ya hapo na Santa Monica. Kutoka Burbank hadi Santa Monica jioni ni safari ya zaidi ya saa nzima barabarani. Panga mikutano kwa eneo, siku moja upande mmoja, na usizidishe miwili au mitatu kwa siku.

Nilichokikuta ndani ya mikutano kilinipa moyo. Walikuwa watu wachangamfu, wenye kupenda muziki kwa dhati, na wenye muda mchache sana. Wimbo husikilizwa sekunde chache za mwanzo, kisha mkono unaruka mbele kutafuta pale unapobadilika. Utangulizi wa dakika nzima ambao sisi tunaupenda kwenye taarab unaweza kuufanya wimbo usifikiwe, kwa hiyo tulikuwa tumetayarisha vipande vinavyoanzia pale penye nguvu. Tulikuwa tumeshauriwa nyumbani tutangulize nyimbo za vijana zinazofanana na zinazovuma Lagos. Msimamizi wa kwanza tuliyekutana naye akasema nyimbo za Lagos na Johannesburg anazipata tele, moja kwa moja kutoka huko. Aliposikia saksafoni ya Kaloleni, na mchakacho wa tepu nyuma yake, aliweka kalamu chini akauliza ni ya mwaka gani, nani anayepiga, na kama iko huru. Nilimtolea hati. Aliyasoma majina yote, akauliza kuhusu masharti ya mjane, akaandika. Nilihisi macho yananilengalenga, maana kila jina pale nilijua limepatikanaje.

Msimamizi hana neno la mwisho. Mwongozaji na watayarishaji ndio wanaoamua, na bajeti si yake. Kwa hiyo usirudi nyumbani ukiwaambia wasanii kwamba wimbo umechukuliwa kwa sababu mtu amesema ameupenda. Mimi niliwaambia wasanii wote kabla ya safari kwamba huenda tusirudi na kitu mwaka ule, na kwamba tunakwenda kujulikana. Baada ya kurudi niliandika barua za shukrani wiki ileile, kisha kila baada ya miezi kadhaa nikatuma nyimbo chache mpya, si zaidi ya tatu, bila kuulizia imekuwaje.

Jibu la maana lilikuja baada ya muda mrefu: wimbo mmoja wa bango, tukio la baa, filamu huru yenye bajeti ndogo. Malipo hayakufikia hata nauli yetu. Malipo ya leseni za aina hii hutofautiana sana, kutoka mamia ya dola kwa filamu ndogo hadi fedha kubwa kwa matangazo ya biashara, na anayekuahidi kiasi fulani kabla ya kujua ni filamu gani anakupotosha. Kumbuka pia kodi. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuepusha kodi mara mbili, na mirabaha inayotoka huko kwa mtu wa nje hukatwa asilimia 30 kwa kawaida. Utajaza fomu W-8BEN kama ni mtu binafsi, W-8BEN-E kama ni kampuni. Tulikuwa tumelieleza hilo kwenye kikao cha Kaloleni, kwa hiyo pesa zilipofika zimepungua hakuna aliyemshuku mwenzake.

Jambo jingine la kudai, na linasahaulika kwa furaha ya hundi, ni orodha ya muziki uliotumika ndani ya filamu, ambayo watayarishaji huiwasilisha kwa vyama vya mirabaha. Kila filamu inapoonyeshwa kwenye televisheni, orodha hiyo ndiyo inayomtambulisha mtunzi ili chama chake kimdaie. Hakikisha mtunzi au warithi wamesajiliwa kwenye chama, jina limeandikwa vilevile kila mahali, na omba nakala ya orodha hiyo kwa maandishi. Tulikuta herufi moja ya jina la marehemu imekosewa, tukaomba isahihishwe, na waliisahihisha bila tabu.

Mgao tuliufanya siku ileile, kwa M-Pesa, kila mtu akitumiwa hesabu nzima pamoja na fungu lake. Mpiga besi wa Likoni alipiga simu kuhakikisha kwamba pesa ni zake kweli, maana alikuwa hajawahi kulipwa kwa kazi ya studio baada ya siku ya kurekodi yenyewe. Mjane naye ameuliza, kupitia kwa mwanawe, kama nyimbo za shemeji yake marehemu zinaweza kutayarishiwa hati namna hiyohiyo. Familia imeshaanza kukusanya majina ya warithi, na mimi nimeshamwandikia wakili.